Safari ya Dodoma na Mama Mkwe na Jiwe Lake

Nimekwisha kuisimulia safari hii mlangoni pa kanisa, sokoni Mwembe, na mara mbili katika chumba cha walimu. Kila mara nikifika penye gari moshi kuna mtu ananikatiza, kwa sababu amesikia kwa mwingine kwamba nilibeba mtoto aliyekufa. Sikubeba mtoto aliyekufa. Naandika hapa mambo yalivyokuwa tangu Mbweko, kijijini kwetu milimani, hadi Dodoma na kurudi, ili atakayeniuliza tena nimpe karatasi asome, nami niendelee na kazi yangu.

Mbweko

Ilikuwa asubuhi ya zamu ya Mama. Mama ninayemsema ni mama mkwe wangu, mjane, mzazi wa mke wangu Namsifu. Alikuwa amekwenda kwenye ndiva kuzibua maji ya shamba lake la maharage. Kwa msomaji asiyetoka milimani, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe tunamokusanya maji ya mfereji usiku kucha, kisha tunayagawa kwa zamu. Mbingu zilikuwa safi. Mimi nilikuwa darasani. Tulisikia ngurumo tatu zikifuatana, halafu mlio kama wa shuka inayopasuliwa, halafu kishindo.

Tulipofika tulikuta ukuta wa ndiva umebomoka. Maji yote yalikuwa yameteremka na kuifagia miche ya vitunguu ya Mzee Mbonea. Mama alikuwa amekaa kwenye matope, mzima, jembe mkononi, anaangalia shimo. Ndani ya shimo mlikuwa na jiwe jeusi, kubwa kama chungu cha kupikia mboga, na uzito wake ulikuwa wa debe la mahindi.

Mzee Mbonea ni ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, na ndiye msimamizi wa ndiva. Alilitazama jiwe, akaitazama miche yake, akamuuliza Mama mbele ya watu wote, "Shemeji, kwa nini limeanguka kwenye zamu yako, lisianguke kwenye ya mwingine?"

Mama hakuwa na jibu. Nani angekuwa nalo? Lakini kimya chake kilihesabiwa. Ukuta ulipojengwa upya na zamu zikapangwa tena, jina lake halikutajwa. Akinamama waliokuwa wakimngoja njiani waende pamoja kuchota maji wakaanza kwenda mapema zaidi. Maharage yake yakageuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa.

Habari zikafika bomani Same. Watu walikuwa hawajasahau shauri la mbiru, ile kodi tuliyoigomea sisi wa milimani, na boma nalo halikutaka kuonekana linapora mali ya mtu, kwa hiyo likaomba kwa adabu: jiwe lipelekwe Dodoma, kwa wataalamu wa miamba. Mama akasema haliondoki bila yeye. Wazee wakauliza nani atamsindikiza, kisha wote wakageuza shingo na kunitazama, maana shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa ile.

Nikamwambia, "Mama, jiwe linaweza kwenda peke yake kwenye kasha. Ni mbali."

"Nataka wenye kujua mawe waniambie hili ni jiwe gani, na kwa nini limenijia mimi," akasema. "Na waandike. Maneno ya mdomo Mbonea atayakataa."

Mambo ya barua na vibali nayaruka. Yalinichosha wakati ule na sina haja ya kuchoka mara ya pili.

Kushuka Same

Watu wawili walikubali kubeba jiwe, na wote wawili asubuhi ya safari wakaumwa mgongo. Nikalifunga kwenye shuka, nikalitia kikapuni, nikalibeba mwenyewe.

Hapa lazima niwakumbushe jambo ambalo wenzangu mnalijua na bado mnacheka mkilisikia. Kwetu mtu hali mbele ya mama mkwe wake. Hakai naye benchi moja. Akitembea naye, huacha nafasi ya heshima. Mama ni Mkristo wa miaka mingi, anazijua Zaburi kwa moyo, lakini katika hili hakuna mchungaji aliyewahi kumpunguza hata hatua moja. Basi tuliteremka mlima hivi: yeye mbele, mimi nyuma, na kati yetu nafasi ya kupitisha ng'ombe watano. Nikiweka kikapu chini nipumzike, naye anasimama kule mbele, mgongo kwangu, bila kugeuka. Sijui alijuaje kila mara kwamba nimesimama. Sijui pia alijuaje kila mara kwamba nimepumzika kupita kiasi, maana alikuwa anakohoa.

Tulifika Same jioni, pamoja na upepo na vumbi lake, tukaambiwa gari la abiria lilipita jana. Tukangoja siku mbili katika nyumba ya mwalimu mwenzangu. Siku mbili hizo sikupata nafasi ya kukaa. Kila aliyesikia alikuja kutazama. Mmoja alilikwaruza kwa kisu. Mwingine alilinusa na kusema ni baruti. Mwenye duka la nguo aliniambia kwa siri kwamba ni almasi ambayo haijaiva. Akaja mzee mmoja wa Kimasai kutoka tambarare, akalinyanyua kwa mikono miwili, akalirudisha taratibu, akasema, "Zito," akaenda zake. Huyo ndiye mtu pekee pale Same ambaye hakunichosha.

Gari moshi, Same hadi Korogwe

Daraja la tatu lilikuwa limejaa. Mama alipata nafasi kwenye benchi, na jirani yake, mwanamke mnene mwenye biashara ya vitunguu, akajisogeza na kunionyesha nafasi iliyobaki katikati yao. Nikamshukuru, nikakataa. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akasisitiza. Ningemwelezaje, kwa Kiswahili, mbele ya watu sitini, kwamba siwezi kugusana bega na mama wa mke wangu? Nikasimama. Nilisimama kutoka Same hadi Korogwe, na gari lile lilisimama mara nyingi kuliko mimi.

Kikapu kilikuwa kimekatika mkono kwenye kupanda. Mama akaona nahangaika nalo mikononi, akalichukua jiwe katika shuka yake na kulipakata.

Hedaru tulikaa saa mbili, na hakuna aliyetuambia sababu. Akinamama walipita madirishani na mayai ya kuchemsha, miwa na ndizi. Nilinunua mayai mawili. Nikamtazama Mama. Mama alikuwa ananitazama. Nikayatia mfukoni. Nikaenda hadi mwisho wa behewa, kule kwenye mlango, nikakuta mkata tiketi amekaa juu ya gunia, akanirudisha. Buiko, wakati injini inanyweshwa maji, niliteremka nile nje, filimbi ikalia kabla sijamenya ganda. Mayai yale nililala nayo Korogwe.

Baada ya Buiko joto lilizidi, na yule mama wa vitunguu akaanza kukiangalia kifurushi.

"Bibi, mtoto huyu analala sana," akamwambia Mama.

Kiswahili cha Mama ni cha sokoni. Neno "mtoto" analijua, lakini nadhani hakulisikia, maana alijibu, "Eee."

"Amekula lini?"

"Hali," akasema Mama. Ni kweli, jiwe halili.

"Tangu asubuhi?"

"Siku zote."

Mabenchi ya jirani yakanyamaza. Mama wa vitunguu akashika kifua. "Na mama yake yuko wapi?"

Mama alidhani anaulizwa kitu kile kimetoka wapi. Akainua kidole, akaonyesha juu.

Nilikuwa nimesimama hatua nane kutoka hapo, na kati yetu palikuwa na matenga ya kuku. Nilipoanza kupita ili nieleze, wanawake watatu walikwisha kugeuka kunitazama. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana hakai." Mwingine akaniita ndugu yangu, akaniambia Mungu ametoa na Mungu ametwaa, lakini mwanamume hata akiwa na msiba haachi mtoto mchanga afe kwa joto na njaa. Wakamletea Mama maziwa katika chupa. Nikasema, "Jamani, hili ni jiwe." Hakuna aliyenisikia vizuri. Mzee mmoja akanishika mkono akasema huzuni humfanya mtu aseme mengi, nitulie.

Hatimaye mama wa vitunguu akaomba ampakate. Mama akampa, kwa moyo mweupe kabisa. Uzito ule ulipomshukia magotini alitoa sauti ambayo sitaiandika. Akafunua shuka. Akaona weusi.

Sasa mnajua habari ya mtoto aliyekufa ilivyoanza. Ilichukua kutoka Mombo hadi Korogwe kuielezea, mbele ya mkata tiketi na askari mmoja aliyekuwa likizo, na hata baada ya jiwe kupitishwa mkono kwa mkono behewa zima kulikuwa na watu walioshuka wakiamini walichotaka kuamini. Mama aliyanywa maziwa. Aliniambia baadaye kwamba watu wa tambarare ni wakarimu sana.

Lori, Korogwe hadi Morogoro

Kutoka Korogwe hakuna reli ya kwenda Dodoma. Mtu hupanda lori kupitia Handeni hadi Morogoro, ndipo akutane na reli ya kati. Tuliambiwa ni safari ya siku moja. Ilikuwa ya siku nne.

Dereva aliitwa Shomari, mtu mpole aliyekuwa anasema "tunafika" kila alipoulizwa. Utingo wake alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, aliyefanya kila kitu kabla ya kuambiwa. Mama alipewa nafasi mbele kwa dereva, na mimi nikapanda juu ya magunia pamoja na jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu Mbweko nilikula chakula kizima, mkate na samaki wa kukaanga, nikiwa nimelala chali. Ilikuwa saa nzuri moja katika safari nzima.

Mvua ilitukuta baada ya Handeni. Karibu na Mziha lori liliteleza kwenye mteremko, likaanza kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea korongoni. Watu wakaruka. Shomari akakanyaga breki, hazikushika vizuri. Nikasikia utingo anapiga kelele, "Jiwe, leteni jiwe," kisha sauti ya kitu kinachogonga chuma. Lori likasimama.

Nilipozunguka upande wa pili niliona shuka ya Mama kwenye matope, na jiwe lililotoka mbinguni likiwa limekaa chini ya gurudumu la nyuma.

"Hilo siyo la kuwekea gurudumu," nikasema.

"Limekaa vizuri," akasema utingo.

"Ni la serikali. Linakwenda Dodoma kupimwa."

Akainama akalitazama. "Basi limepimwa. Mengine yote ya hapa ni laini."

Nilitaka liondolewe palepale. Shomari akaniuliza kwa upole kama niko tayari kukaa mimi mahali pa jiwe. Likabaki pale mpaka asubuhi, lori lilipovutwa. Tulipolitoa, pembe moja ilikuwa imevunjika, na ndani jiwe halikuwa jeusi hata kidogo. Lilikuwa la kijivu, lenye chembechembe zinazong'aa. Neno "fedha" likatamkwa. Kabla sijafunga shuka, vipande viwili vilikwisha kuingia mifukoni mwa watu, na mtu mmoja alikuwa anatafuna unga wake kama dawa ya kifua. Nilivikomboa vipande. Unga ule sikuweza kuukomboa.

Nikaenda kumweleza Mama, nikisimama kwenye nafasi ya heshima, mvua inaninyeshea. Nilitegemea atalia au atanilaumu. Akauliza, "Lori limepona?"

"Limepona."

"Na dereva?"

"Naye."

"Basi," akasema.

Jioni yake tulikaribishwa Mziha na mwanamke wa Kizigua, Mama Mwanahawa, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na barabara. Alitupikia ugali na mlenda, akaweka sinia moja katikati ya mkeka. Mama akakaa, akaangalia chini. Mimi nikasimama mlangoni. Ugali ukaanza kupoa. Mwenyeji akatukaribisha tena. Akatukaribisha mara ya tatu, na sauti yake ikaanza kubadilika.

"Chakula changu kina nini?" akaniuliza. "Semeni. Nyinyi watu wa milimani mnaona mlenda ni wa maskini?"

Nikajaribu kueleza. Nilipofika kwenye neno "mkwe," akaninyamazisha kwa mkono. Akaingia ndani, akatoka na kanga, akaifunga kutoka nguzo moja hadi nyingine katikati ya chumba, akagawa ugali mafungu mawili. "Mbona hukusema mapema?" akasema. "Hata sisi tunao wakwe."

Nilikula upande wangu wa kanga. Upande wa pili nilimsikia Mama akila, na nikagundua kwa aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anakula tangu tuondoke Same. Siku zote hizo nilidhani mwenye njaa ni mimi. Asubuhi Mama Mwanahawa alimpa Mama kanga ile aondoke nayo.

Dodoma

Morogoro karani wa stesheni alisema jiwe ni mzigo, na mzigo unakwenda na gari la mizigo, na gari la mizigo limeondoka. Sitaeleza jinsi tulivyomshinda. Itoshe kusema kwamba Mama alikaa juu ya jiwe, kwenye kizingiti cha mlango wa karani, akaanza kuimba Zaburi kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani.

Dodoma tulifika asubuhi yenye baridi na vumbi. Ofisini tukaambiwa bwana mtaalamu yuko safari, atarudi kesho. Kesho yake tukaambiwa kesho. Siku ya tatu nilikaa kwenye ngazi ya ofisi tangu mlango haujafunguliwa, nikaapa kimoyomoyo kwamba nikiambiwa kesho tena nitaliacha jiwe mlangoni na watu wajikwae.

Siku ya nne alikuja, Mwingereza mwembamba aliyebabuka pua, pamoja na fundi wake Yohana, Mgogo wa makamo mwenye vidole vilivyojaa unga wa mawe. Nikaeleza yote tangu ndiva, nikaomba radhi kwa pembe iliyovunjika, nikawa nimejiandaa kufokewa. Bwana akalishika jiwe pale lilipovunjika, akachukua kioo chake cha kukuzia, akaliinamia.

"Vizuri sana," akasema kwa Kiswahili chake. "Nilitaka kupasua hapahapa."

Nilitamani kumleta yule utingo amsikie.

Yohana ndiye aliyefanya kazi yenyewe. Alikata kipande kwa msumeno wa maji, akakibandika kwenye kioo, akakisaga siku mbili nzima mpaka kikawa chembamba kuliko karatasi ya Biblia na mwanga ukapita ndani yake. Mama alikaa mlangoni siku zote mbili kumwangalia. Walizungumza, sijui kwa lugha gani. Alimwonyesha sumaku ikishika jiwe, na akamwonyesha ngozi ile nyeusi ya nje.

"Huu ni ukoko," Yohana akamwambia. "Kama wa ugali. Moto umeunguza nje, ndani mbichi."

"Moto wa nani?" Mama akauliza.

"Wa mbio tu. Lilikuja kwa kasi hadi likawaka."

Kisha wakamwita atazame kwenye darubini. Alifunga jicho lisilotakiwa, wakamwelekeza, akatazama tena. Alikaa pale muda mrefu hata bwana akaanza kuangalia saa.

"Kuna mtama," akasema. "Punje za mtama, zimekaa kwenye unga."

Bwana aliponieleza nilielewa kwamba Mama amesema hasa lililotakiwa kuonekana. Mawe ya aina hii, alisema, yako makabila matatu: ya chuma, ya mawe, na yaliyochanganyika. Hili ni la mawe. Na ndani ya ya mawe kuna yenye punje za mviringo, kongwe kuliko mlima wowote duniani, ambazo hazipatikani kwenye jiwe lililozaliwa hapa. Nikaandika kila neno. Nikamuuliza, basi katika hayo yenye punje, la kwetu ni la aina gani?

"La kawaida," akasema.

Nikadhani Kiswahili chake kimemponyoka. Nikauliza kwa Kiingereza. Akajibu kwa Kiingereza neno lile lile. Hilo ndilo jina la kundi lake, la kawaida, kwa sababu mawe mengi yanayoanguka ni ya kundi hilo.

Nawaambieni wazi, nilikasirika. Nilikuwa nimebeba kitu kile mlima mzima. Nilikuwa nimesimama kutoka Same hadi Korogwe, nimeitwa muuaji wa mtoto, nimelala kwenye matope Mziha, nimekaa siku nne juu ya ngazi, likizo yangu imekwisha, na mwisho wake naambiwa la kawaida. Na hapo hapo akaongeza kwamba litaandikwa katika orodha kwa jina la Same, kwa kuwa Mbweko haimo kwenye ramani yake. Nikamwonyesha mahali Mbweko ilipo. Akasema hapo pana mlima. Nikamwambia watu wanakaa juu ya mlima. Hilo nalo sikulishinda.

Mama alikuwa ananitazama usoni. "Amesema nini?"

Sikutaka kumwambia. Nilitafuta neno lililo zuri zaidi, sikulipata. "Amesema ni jiwe la kawaida, Mama."

"La kawaida?"

"Ndiyo."

"Yapo mengi kama hili?"

"Anasema huanguka kila mwaka. Mengi baharini na nyikani, pasipo mtu."

Akafumba macho. Alikaa hivyo, mikono magotini, na nilipoona midomo yake inatetemeka nikageuka kando, maana hilo si jambo la mkwe kutazama. Alipokuwa tayari akasema, "Muulize. Lilinifuata mimi?"

Nikauliza. Bwana akaanza kutabasamu, kisha akauona uso wa Mama, akaacha. Akafikiri.

"Mwambie hapana," akasema. "Lilikuwa linakwenda njia yake. Dunia ndiyo iliyopita mbele yake, na sisi wote juu yake. Saa moja baadaye lingeanguka kwa watu wengine."

Nikamwambia Mama. Akasema, "Aandike hivyo. Kwa Kiswahili. Na muhuri."

Bwana alisema si kawaida ya ofisi kuandika habari za nani amefuatwa na nani hakufuatwa. Mama akajikalisha kwenye kizingiti. Mimi nilikwisha kujua maana yake, nikamwambia bwana kwa heshima kwamba ni afadhali aandike. Yohana akaleta wino.

Tulipokuwa tunaaga, niliuliza tutarudishiwa kipande gani cha jiwe. Nilikuwa na kikapu kipya tayari.

"La nini?" akasema Mama. "Wakae nalo. Ni zito."

Kurudi

Kurudi kulichukua siku sita na sina nguvu ya kuzisimulia. Lori lilikuwa lingine, matope yalikuwa yale yale. Ndani ya gari moshi Mama alifunga kanga ya Mama Mwanahawa kwenye ndoano za mizigo, kati ya benchi na benchi, nami nikakaa.

Jumamosi baada ya kufika, wazee walikutana penye ndiva. Nilisoma barua ya Dodoma kwa sauti, yote, mara mbili. Watu walisikiliza vizuri pale penye punje na pale penye moto. Nilipofika kwenye neno "kawaida" baadhi yao walionekana kuvunjika moyo, nami niliwaelewa.

Mzee Mbonea aliomba barua, akaugeuza muhuri kwenye mwanga. "Miche yangu ilikwenda na maji," akasema. "Hiyo nayo ni kawaida?"

"Si kawaida, shemeji," Mama akasema. "Ni hasara. Nimekuona ukipanda kwa mgongo unaouma. Lakini mimi sikulitupa."

Mzee Mbonea ana uso usiosema mengi, ila nilimwona akihesabu, si miche, bali majuma. Zamu ngapi zilikuwa zimepita. Maharage yalikuwa wapi sasa.

"Nilikuuliza mbele za watu," akasema polepole, "na ulikuwa bado umekaa kwenye matope. Nilipaswa kwanza kukuinua." Akamrudishia barua kwa mikono miwili. "Alhamisi ni yako. Na Jumatatu pia, mpaka maharage yapate nguvu. Ya Jumatatu ni yangu, naitoa."

Alhamisi nilipokuwa nakwenda shule, nimechelewa, na kichwani nina barua ya mwalimu mkuu inayonitaka nijieleze kwa kuchelewa kurudi kazini, nilimkuta Mama shambani, maji yamemfika vifundoni, anafungua njia kwa jembe kutoka tuta moja hadi jingine. Akinamama wawili walikuwa wamekaa ukingoni na mitungi yao wanamngoja amalize. Nikasimama mbali, kama inavyopasa, nikamwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa. "Ondoa mguu. Umeziba mfereji."